Watoto Wetu Hawajakataa Kuoa



Juma hili tunaanza na ulizo moja lililotufikia mara nyingi katika mikutano ya vikundi, iwe Katuba, iwe Kenya, iwe Ruashi: mbona watoto wetu hawaoi na hawaolewi? Mama mmoja ana kijana wa miaka 31 ambaye bado analala chumba kimoja na wadogo zake. Mwingine ana binti wa miaka 27 aliyemaliza masomo. Kila mwaka binti anamtaja mwanaume yuleyule, kijana mwema, lakini wazee wa kuja kupiga hodi hawaonekani. Wa tatu analea mjukuu, na baba wa mjukuu amekwenda Kolwezi. Anapiga simu siku akiwa na makuta, siku nyingine simu imezimwa.

Majibu tunayowapa vijana ni yale tunayoyasikia sokoni: ni wavivu, wanapenda starehe, simu zimewaharibu. Sisi tunaoandika ukurasa huu ni walimu, na vijana hao walipita katika vyumba vyetu vya masomo. Tuliwaona wakitembea saa nzima asubuhi na tumbo tupu. Tuliwaona wakisoma kwa mshumaa juma la mtihani wa serikali, na tuliwaona wakipakwa unga kichwani siku matokeo yalipotoka. Mtu asiyetaka kitu hajisumbui hivyo. Basi kabla ya kuwahukumu, tushike kalamu na kufanya hesabu pamoja.

KAZI ZILIKWENDA WAPI?

Wengi wetu ni watoto au wajukuu wa wafanyakazi wa migodi. Union Minière ilianza mwaka 1906, na baada ya serikali kuichukua ndipo ikaja kuwa Gécamines. Babu akiingia kazini alipata mshahara, nyumba ya kampuni, hospitali, shule ya watoto, na posho ya unga kila mwezi. Kijana wa wakati ule akipata kazi, ndoa ilifuata karibu yenyewe. Feza ya mali ilitoka katika mshahara, na chumba cha kumweka bibi yake kilikuwapo tayari.

Mpango ule ulivunjika. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa tisa 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mashine zilizeeka, feza ya kuzitengeneza haikuwapo, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 tani zote za mwaka hazikufika 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa katika ule mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Kila mmoja alipewa feza mara moja, na nyumba nyingi zinakumbuka jinsi feza ile ilivyokwisha.

Leo shaba inatoka kuliko zamani. Inchi yetu inatoa zaidi ya tani milioni mbili kwa mwaka, na lori zinapita barabara ya Kasumbalesa usiku na mchana. Lakini kampuni za leo si zile za babu. Mashine kubwa moja inafanya kazi ya watu wengi, na vijana wengi wanaopata nafasi hawaandikwi na kampuni yenyewe ya madini. Wanaandikwa na kampuni ndogo inayoleta wafanyakazi, kwa miezi mitatu, kisha wanaambiwa wasubiri. Posho na nyumba hazipo. Mama anayemwambia kijana wake, «Baba yako katika umri wako alikuwa na watoto watatu,» anasema kweli, lakini anasahau kuongeza ya kwamba baba yake alipewa nyumba.

KAZI IPO, MSHAHARA HAUFIKI

Tena kuna vijana walio na kazi. Wanauza dukani, wanalinda usiku, wanaendesha pikipiki ya mtu mwingine na kumpelekea mwenyewe feza yake kila jioni, wanauza yunite na kutumiana feza kwa simu chini ya mwavuli. Wengine wanafundisha, kama sisi. Tangu mwezi wa tisa 2019 masomo ya msingi ni ya bure katika shule za serikali. Wazazi walifurahi, na sisi pia tulifurahi kuwaona watoto wakirudi darasani. Lakini wako walimu vijana walioandikwa na shule, wanaofundisha kila siku, na jina lao halijaingia katika orodha ya malipo. Wanangoja mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ndio hao mnaowaona wakiuza makala au kusahihisha kazi za wanafunzi huku wakichunga meza ya vitumbua.

Na wanaolipwa? Mwezi wa tano 2018 serikali iliweka mshahara wa chini kuwa franka 7,075 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni franka 183,950. Mwaka ule dola moja ilikuwa karibu franka 1,600, kwa hiyo feza ile ilizidi dola 110. Mwaka 2024 dola ilifika karibu franka 2,800, na zile franka 183,950 zikawa kama dola 65. Kijana hakufanya kosa lolote, alikwenda kazini kila siku kama zamani, lakini mshahara wake ulipungua karibu nusu akiwa anautazama. Mwaka 2025 serikali ilipandisha kiwango hicho hadi franka 14,500. Ni jambo jema, lakini kila mama anajua ya kwamba si kila bwana wa kazi anafuata kiwango.

Sasa tuweke mfano wa kijana mwenye bahati, anayepata dola 150 kwa mwezi. Chumba na saluni ndogo, dola 40. Kwenda na kurudi kazini, dola 25. Bukari, sombe na samaki ya mwezi mzima, dola 45. Sehemu ya kumsaidia mama yake na wadogo wake, dola 20. Sabuni, simu, dawa ya malaria, dola 10. Jumla ni 140. Anabaki na dola 10, mwezi ambao hakuna kilio na hakuna ugonjwa.

Halafu familia ya binti inaleta orodha. Tukijumlisha kila kitu kilichoandikwa humo, tuseme inafika dola 1,200. Kwa dola 10 kila mwezi atahitaji miezi 120, ndiyo miaka 10. Akianza akiwa na miaka 27, atamaliza akiwa na 37. Na hapo hatujahesabu garanti ya nyumba, nguo za arusi, wala wageni wa kulishwa.

Tunarudia: huyo ndiye mwenye bahati.

MAPENZI YASIYO NA TAREHE

Kijana anayejua hesabu hii anafanya moja kati ya mambo matatu.

Wa kwanza ananyamaza. Anampenda binti, lakini hapendi kusema neno «ndoa» kwa sababu hana cha kulifuatisha. Binti anangoja. Akiuliza, anajibiwa, «Vumilia kidogo.» Miaka inapita. Jirani wanaanza kusema, mama naye anaanza kusema. Mwishowe anakuja mwanaume mwingine, mwenye gari na umri wa baba yake, labda mwenye bibi nyumbani, na maneno yote ya kungoja yanakwisha siku moja. Tumewaona mabinti waliochukua njia hiyo kwa sababu ya masimango ya nyumbani kuliko kwa sababu ya tamaa.

Wa pili anakwenda kutafuta. Anapanda gari la Kolwezi au Likasi, anaingia katika mashimo pamoja na wachimbaji wa mikono. Wako waliorudi na feza ya mali. Wako waliorudi na kifua kibovu, na wako ambao udongo uliwafunika. Mama akimwambia kijana, «Wenzako wako Kolwezi, wewe unakaa tu hapa,» ajue ni wapi anamtuma.

Wa tatu anachukua binti wakae pamoja bila kumwambia mtu, ile inayoitwa yaka tofanda. Mara nyingi inaanza na mimba. Familia ya binti inakasirika, inaandika faini juu ya orodha, na deni linakuwa kubwa kuliko mwanzo. Kijana anaogopa hata kusalimia wakwe. Watoto wanazaliwa, wawili, watatu, na wazee bado hawajakaa pamoja.

Hatuandiki hivi ili kuwahesabia haki. Mwanaume aliyempa binti mimba ana wajibu, awe na kazi au asiwe nayo. Lakini mama anayetaka kusaidia ni vizuri ajue sheria inasema nini, kwa maana hapa ndipo mabinti wanapoteza zaidi.

Sheria ya familia ni ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987, nayo ilirekebishwa tarehe 15 mwezi wa saba 2016. Inasema ya kwamba mwanaume na mwanamke wote wawili wapashwa kuwa na miaka 18 ndipo waoane. Inasema pia ya kwamba ndoa haiwezi kufungwa kama mali haijatolewa, lakini inaongeza maneno ambayo wengi hawayajui: angalau sehemu yake. Sheria haiwaambii vijana wangoje hadi senti ya mwisho. Na ndoa iliyofungwa katika familia inapashwa kuandikishwa mbele ya afisa wa etasivili katika komini. Kama haikuandikishwa, siku bwana akifariki na ndugu zake wakaja kutoa vyombo, bibi anakosa karatasi ya kuwaonyesha.

Kwa upande wa mtoto: kila mtoto aandikishwe katika siku 90 baada ya kuzaliwa, hata kama wazazi hawajaoana. Na kama wazazi hawajaoana, baba anapashwa kumtambua mtoto kisheria katika miezi 12. Si jambo la karatasi tu. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa anarithi pamoja na wengine ikiwa baba yake alimtambua alipokuwa hai. Mama wa binti anayekaa miaka miwili katika magomvi ya faini, na kusahau kumpeleka baba wa mtoto kwenye komini, anamdai kijana mbuzi huku mjukuu wake anapoteza haki.

TUTAZAME ILE ORODHA

Mali ni desturi yetu na hatuiondoi. Inasema ya kwamba binti ana watu, ya kwamba hakuokotwa barabarani. Familia mbili zinafahamiana, na siku ndoa ikitikisika kuna wazee wa kuitisha. Hayo ni mazuri.

Lakini tuisome orodha kwa macho yetu wenyewe. Kostimu ya baba na viatu vyake. Koti la mjomba. Vitenge vya mama, vya mama mkubwa, vya mama mdogo, vya shangazi. Mbuzi. Kasha za bia. Mafuta, mfuko wa chumvi, mfuko wa mchele. Jembe. Simu. Kisha bahasha. Katika yote hayo, ni yapi yanayojenga nyumba ya binti? Jembe na chumvi vina maana ambayo babu walituachia. Simu ya kaka ina maana gani?

Wazee wanaume ndio wanaoketi mbele siku hiyo. Ila sisi sote tunajua orodha inaandikwa wapi. Inaandikwa jioni, jikoni, na wamama. Ndiyo sababu tunaandika jambo hili kwenu na si kwa wengine. Vikundi vya wamama vikikubaliana katika kartiye, orodha inaweza kubadilika kabla wazee hawajavaa koti.

Turudi kwa yule kijana wa dola 10. Familia ikimwambia, «Leta dola 300 sasa, pamoja na jembe, chumvi na mbuzi mmoja, mengine utaleta Mungu akikusaidia,» akiba ya dola 300 inamtaka miezi 30 badala ya 120. Mbuzi ndugu zake watamsaidia. Katika miezi ileile 30, binti naye akiweka dola 10 za biashara yake, atakuwa na dola 300 za garanti ya nyumba, sufuria na godoro. Wanaanza wakiwa na miaka 29 au 30, chini ya paa lao, bila deni la kuwafanya wagombane mwezi wa kwanza. Na mwanaume aliyepokelewa kwa heshima haogopi kurudi kumalizia. Anayekimbia ni yule aliyefanywa mdeni mbele ya watu.

Kuna mama atakayesema, «Binti yangu nilimsomesha, nimetumia mingi.» Ni kweli, na sisi walimu tunajua kila franka ya shule inatoka wapi. Lakini masomo yale tulimlipia yeye. Tukitaka yarudi kwetu yote siku ya mali, tunayatoa katika sahani ya watoto wake.

MAMBO AMBAYO MAMA ANAWEZA KUFANYA JUU YA KAZI

Mama hawezi kufungua mgodi. Kuna mambo anayoyaweza, nayo si madogo.

La kwanza, asome mkataba pamoja na mtoto wake. Sheria ya Kazi ya mwezi wa kumi 2002 inasema ya kwamba kipindi cha majaribio kinapashwa kuandikwa. Kwa kazi isiyo na ufundi hakizidi mwezi mmoja, kwa kazi nyingine hakizidi miezi sita. Kijana aliye «katika majaribio» tangu mwaka juzi anadanganywa. Sheria ile inasema tena ya kwamba mtu wa kulipwa kwa siku akiisha kufanya siku 22 katika miezi miwili, kisha akaitwa tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa kudumu. Aandike siku zake katika daftari, kila siku, na ahifadhi kila karatasi ya malipo. Kukiwa na shida, mahali pa kwanza pa kwenda ni kwa mkaguzi wa kazi, kabla ya baraza la hukumu.

La pili, asiuze kitu ili kununua kazi. Wamama wameuza friji, wengine hata kipande cha parseli, wampe mtu anayesema anajua mkubwa ndani ya kampuni. Mtu yule anabadilisha namba ya simu. Kama kazi inataka feza kabla ya kuanza, feza ile ikae nyumbani.

La tatu, asidharau ufundi. Tumezoea kudhani ya kwamba mtoto mwenye diploma akishika msumari ameshuka. INPP, ile taasisi ya serikali ya kufundisha kazi iliyoanzishwa mwaka 1964, ina nyumba yake hapa Lubumbashi. Umeme, soldire, ufundi wa magari, friji, ushonaji: hizo ni kazi ambazo watu wanazihitaji kila juma. Binti aliyesoma pedagojia akijua pia kushona, atakula akiwa anangoja jina lake katika orodha ya walimu.

La nne, awafungulie vijana mlango wa akiba. Sisi wamama tuna likelemba tangu zamani, na katika vikundi vingi tuna sanduku la kufuli tatu, ambalo funguo zake zinashikwa na watu watatu tofauti. Mtindo ule wa sanduku ulianzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, na leo uko karibu Afrika yote. Mbona tuufungie wamama peke yao? Kikundi cha vijana 15 au 20, wanaume na mabinti, wenye kuweka kila juma kidogo wanachoweza na kugawana mwisho wa mwaka, kinafundisha jambo ambalo shule yetu haifundishi. Kinawafundisha pia kutazamana kwa tabia. Binti atakayeona kijana akileta franka zake kila Jumamosi bila kukosa, hata mvua ikinyesha, amejua kitu ambacho zawadi na maneno matamu hayaonyeshi.

La tano ni ulimi. Neno «umekuwa mzee nyumbani kwangu» linauma, hasa likisemwa mbele ya wadogo. Mtoto asiye na kazi apewe kazi ya nyumba yenye heshima: kusimamia masomo ya wadogo, kulima kiwanja, kupeleka bidhaa sokoni. Na apewe siku ya kusema. Tuwaulize, «Mnapanga nini, na wapi mnakwama?» kuliko kuwauliza, «Lini?» Mtoto anayeulizwa «lini?» kila jioni atajibu kwa uongo au kwa kuondoka.

MAULIZO YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

Tunaomba kila kikundi kitenge saa moja juma hili. Waiteni vijana wawili au watatu waketi nanyi, wasiwe wa kusikiliza tu.

1. Katika kartiye yetu, orodha ya mali inafika kiasi gani leo? Kijana wa hapa atahitaji miezi mingapi ili aimalize? Fanyeni hesabu kwa kalamu.

2. Ni vitu vipi katika orodha tunavyovishika kwa sababu ya desturi, na vipi viliingia jana kwa sababu jirani alivipata?

3. Kati ya wajukuu tunaowalea, ni wangapi walioandikishwa katika komini na kutambuliwa na baba yao? Nani atawasindikiza waliobaki, na siku gani?

4. Tuna kijana anayefanya kazi bila mkataba wa kuandikwa? Amekwisha hesabu siku zake?

5. Kikundi chetu kinaweza kuanzisha sanduku la vijana kabla ya mwisho wa mwaka? Funguo tatu zitashikwa na nani?

Tuleteeni majibu kwa karani wa kikundi. Kikundi kitakachokubaliana juu ya orodha mpya ya mali, ndogo na yenye heshima, kiiandike vizuri na kuituma. Tutaichapa hapa yote, kitu kwa kitu, ili wamama wa kartiye nyingine waione, wajue ya kwamba inawezekana.